Dawa za kifafa zimemshinda mjukuu wangu, nimpeleke wapi?

SWALI: Mwanangu muuguzi, namlea mjukuu wangu wa kiume wa miaka 13. Anaanguka kifafa tangu ana miaka 5. Walimwanzishia fenobabitoni, mwaka juzi wakamwongezea kabamazepini. Mwezi uliopita kaanguka mara 6, mara moja mafigani, mkono ukaungua. Watu wananiambia dawa zimemshinda, nimvushe mto Ruvuma kwa fundi, mganga wa kienyeji. Wengine wanasema siku hizi wanapasua kichwa. Nishike lipi?
Bibi, Tandahimba

JIBU: Shikamoo bibi, na pole sana kwa huo mkono.

Neno "zimemshinda" sisi wa kliniki hatulitamki mpaka mgonjwa awe amemeza dawa mbili zinazofaa aina ya kifafa chake, kwa dozi ya kutosha, na bado anaanguka. Wapo wa namna hiyo, karibu mmoja katika kila watu watatu wenye kifafa. Lakini kabla hujamhesabu mjukuu wako humo, nakuomba umpime uzito.

Nina sababu. Miaka ile nikiwa zahanati, alikuja bibi mmoja na kijana wake, vidonge kavifunga kwenye pindo la kanga. Tukavimwaga mezani tukahesabu: alipewa 60 vya siku 30, siku 30 zimetimia na vimebaki 19. Ulikuwa msimu wa korosho. Bibi anatoka alfajiri kwenda kuokota, mtoto kalala, kidonge cha asubuhi kinampita. Nikafungua kadi: dozi iliandikwa akiwa na kilo 16. Nikampandisha kwenye mizani, kilo 35. Mtoto kakua, dozi imesimama palepale, na sisi tuliokuwa tunamjazia kadi kila mwezi hatukuona. Linaniuma hadi leo.

Jingine uliangalie mwenyewe nyumbani. Asubuhi akiamka, mikono humruka ghafla hata kikombe kikamponyoka? Au hukodoa macho sekunde chache kama hayupo? Mwambie daktari, kwa sababu aina hizo za kifafa kabamazepini inaweza kuzizidisha badala ya kuzituliza. Tena fenobabitoni huifanya kabamazepini iishe haraka mwilini. Ila usikatize dawa yoyote kwa uamuzi wako. Fenobabitoni ikikatwa ghafla, kifafa kinaweza kuja mfululizo bila kukatika.

Haya yote yakirekebishwa na bado anaanguka, hapo sitaki aongezewe tu kidonge cha tatu na cha nne miaka ikapita. Anahitaji kipimo cha umeme wa ubongo na picha ya ndani ya ubongo iitwayo MRI, waone kifafa kinaanzia wapi. Anzia Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini hapa Mitengo, Mtwara, uombe rufaa ya kwenda kwa mabingwa wa Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam.

Habari ya kupasuliwa ni kweli, bibi. Kama kifafa kinatoka sehemu moja ya ubongo, na sehemu hiyo inaweza kuondolewa bila kumnyima kusema au kutembea, upasuaji unaweza kukikomesha. India walitoa matokeo mwaka 2017, ya watoto na vijana 116 ambao dawa zilikuwa zimewashinda. Baada ya mwaka mmoja, waliopasuliwa 77 katika kila 100 hawakuanguka tena. Waliobaki na dawa peke yake, 7 tu. Sikufichi kwamba baadhi ya waliopasuliwa walipata udhaifu wa upande mmoja wa mwili, na kwamba waliteuliwa baada ya vipimo vingi. Si kila mtoto anafaa.

Asiyefaa ana njia nyingine: chakula cha mafuta mengi na wanga kidogo mno, au kifaa kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua kuchochea mshipa wa fahamu shingoni. Kifaa hupunguza kuanguka, mara chache hukomesha kabisa. Hicho chakula usikijaribu nyumbani. Ni kumwondolea ugali wa muhogo na karibu kila anachokijua, na lazima asimamiwe hospitali.

Kwa fundi, dua sikukatazi. Nakukataza kuacha vidonge.

Mafiga yainulie kizingiti cha udongo au mpishie mbali naye. Akianguka mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, angalia saa. Zikipita dakika 5 mkimbizeni hospitali. Na kila akianguka, andika kwenye daftari tarehe, saa, na kilichoanza kutikisika: mkono upi, uso umegeukia wapi. Mabingwa watakuuliza hilo kwanza.

Niandikie kilo zake.