Nilidhani ndumu inanisaidia kusoma

Juzi matokeo ya uhasibu yalitoka. Nimefaulu, jaribio la nne! Nilipoweka status, dogo mmoja akanitumia ujumbe: "Bro, mimi bila ndumu kitabu hakipandi. Wewe uliwezaje?" Namjibu hapa, maana wako wengi.

Mdogo wangu, maneno hayo nilikuwa nayasema mimi. Nilianza kuvuta bangi kidato cha tano, nina miaka 17. Chuoni tulikuwa tunapiga kijiti kwanza ndipo tunafungua madaftari. Na unaona kabisa unaelewa, mizania inakubali, unawafundisha hadi wenzako. Asubuhi unakumbuka mlicheka na mlikula chipsi, ila mlichosoma hakipo. Nilidhani nasahau. Kumbe hakikuwahi kuingia.

Kuna sehemu ya ubongo inaitwa hipokampasi, imejikunja kama farasi wa baharini. Ndiyo inayosajili kumbukumbu mpya. Ubongo hujitengenezea kemikali yake, anandamaidi, kidogo kidogo, kwa kiasi kinachotakiwa, nayo hukaa kwenye vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe. THC, kemikali ya bangi inayolevya, huingia kwa wingi na kukalia vipokezi vilevile, kazi ya kusajili ikavurugika. Ndiyo maana jina la shule yako ya msingi unalo, somo la jana usiku huna. Na ubongo huendelea kukomaa hadi kwenye miaka 25. Sisi tuliuwahi mapema mno.

Kilichonivunja si mtihani. Mama alinituma sokoni vitu vitatu, nikarudi na kimoja, chenji sijui nimeiweka wapi. Hakugomba. Aliniangalia tu, akaenda mwenyewe jua la saa nane.

Acha, ndugu yangu. Usiseme unapunguza, acha kabisa. Wiki ya kwanza usingizi uligoma, hasira zikapanda, na nilipolala niliota ndoto za ajabu. Vumilia. Kwa wavutaji wa kila siku, vipokezi hukaribia hali yake ya kawaida baada ya mwezi hivi bila bangi. Ukisoma, funga kitabu ujieleze kwa sauti. Kijiwe kihame. Ukishindwa peke yako, nenda hospitali, si aibu. Kuna mtu anauza mahindi yake ulipiwe ada, na wewe unaipeleka ada hiyo kwenye moshi!

Siku ya matokeo mama alilia kwa furaha. Jioni akanituma nazi mbili na bizari. Aliniandikia kwenye karatasi.