Rektifaya ya daraja imeungua, nyingine kama hiyo huna

Amplifaya yangu ndogo ilikufa rektifaya ya daraja, yaani kile kifaa chenye dayodi nne (dayodi hupitisha umeme upande mmoja tu) kinachogeuza umeme wa AC kuwa DC. Ilikuwa ya ampea 4, na mwenzake sikuwa naye. Kwenye kopo la spea nilikuwa na dayodi za 1N4007 tele. Nikachukua nne, nikazisuka daraja, nikawasha. Muziki ukapiga vizuri kabisa. Haikupita nusu saa nikasikia harufu ya bodi inayoungua. Kuigeuza, chini ya zile dayodi pameshakuwa kahawia na risasi imepauka. Nilikuwa nimetazama volti 1000 nikaridhika, nikasahau kwamba 1N4007 ni dayodi ya ampea 1. Hata ukihesabu kwamba kila dayodi hufanya kazi nusu ya muda, nne hizo hazifiki ampea 4.

Volti hazina shida. Zidisha volti za transfoma kwa 1.41: ya 18 inakupa kama 25, na isipokuwa na mzigo hupanda zaidi. Rektifaya ya volti 100 inatosha hapo. Umeme wa ukutani wa volti 230 hufika 325 kwenye kilele, kwa hiyo usishuke chini ya 600. Ukiweka kubwa kuliko inavyohitajika, hakiharibiki kitu.

Kwenye ampea ndiko wengi tunaungulia. Kapasita kubwa, ile inayohifadhi umeme baada ya rektifaya, hainywi umeme polepole. Huugugumia kwa mafundo mafupi, na kila fundo lina ampea nyingi kuliko zile unazosoma kwenye mita upande wa mzigo. Tena unapowasha tu, kapasita ikiwa tupu, ni kama umepiga shoti kwa kitambo kidogo. Ndiyo maana mimi siku hizi naweka mara mbili ya mzigo: mzigo wa ampea 3, rektifaya ya 6 au 8.

Halafu kuna joto. Umeme hupita dayodi mbili kwa wakati mmoja, na kwenye mzigo mzito zote mbili hula karibu volti 2. Kwa ampea 3 hizo ni wati 6, na kidole hakivumilii. KBPC3510, rektifaya ya mraba, inaitwa ya ampea 35, lakini ni pale tu imefungwa kwa skrubu kwenye bati la kupozea. Ikining'inia hewani, usiidai hizo 35.

Miguu nayo iangalie. Ile ya mraba, kona iliyokatwa ni chanya, hasi iko kona ya mkabala, mbili zilizobaki ni za AC. Za miguu minne kwa mstari, nyingi zina AC katikati. Usikisie: weka mita kwenye alama ya dayodi, kila dayodi isome kati ya 0.5 na 0.7 upande mmoja na isisome kitu upande wa pili.

Ikiwa ni pawasapulai ya swichi (ile inayokata na kuwasha umeme kwa kasi kubwa sana) na rektifaya iko baada ya transfoma yake ndogo, 1N4007 haifai hata kwa mzigo mdogo, inachelewa kuufungia umeme unapogeuka upande. Hapo zinatakiwa za kasi kama UF4007.

Na kabla hujawasha, tafuta kilichoua ya kwanza, maana kapasita yenye shoti itaua na hii mpya. Mimi hufunga balbu ya nyuzi, ya wati 60, kwenye waya mmoja unaoingia transfoma. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, naitoa balbu naendelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, nachomoa plagi, narudi kwenye mita.