Detekta ya dhahabu inapiga kelele karibu na karasha na laini ya umeme

Swali: Habari za kazi, fundi. Sisi ni wachimbaji wadogo mkoani Geita, tunatumia detekta ya Minelab GPX 5000. Eneo letu limepakana na laini ya kilovolti 33, na mita kama 150 kutoka hapo kuna karasha mbili (mashine za kusaga mawe) zinazoendeshwa na mota za umeme. Porini mashine imetulia kabisa. Tukirudi kwenye eneo letu inayumba, mlio unapanda na kushuka kama mtu anapiga mluzi, tunachimba na kukuta hewa. Tumeshusha Rx Gain (nguvu ya kusikia ya mashine), haikusaidia sana. Mtu mmoja ametushauri tufunge karatasi ya aluminiamu kwenye koili. Mwingine anasema tununue koili ya inchi 18 ili nguvu ya mashine iishinde nguvu ya umeme. Kwa sasa tuna koili mbili za inchi 11, moja ya mono (mzingo mmoja wa waya) na moja ya DD (mizingo miwili inayopishana). Tufanyeje?

Jibu: Ndugu zangu, ushauri huo wa watu wawili uwekeni kando kwanza, maana wote utawapotezea fedha au dhahabu.

Aluminiamu ni metali. Detekta ya aina yenu hutuma pigo la umeme kwenye koili, hulikata ghafla, kisha ndani ya sehemu za milioni za sekunde husikiliza mwangwi wa metali iliyo ardhini. Ukiifunika koili kwa karatasi ya aluminiamu, mwangwi wa kwanza na mkubwa kuliko wote utatoka kwenye hiyo karatasi, na punje ndogo haitasikika tena. Isitoshe, karatasi nyembamba kiasi hicho haizuii sumaku ya umeme wa hezi 50. Kinga halali iko ndani ya koili tayari: ni rangi ya grafiti iliyopakwa kiwandani na kuachiwa pengo makusudi.

Na koili kubwa? Koili ni antena. Ukitoka inchi 11 kwenda inchi 18, hata ukihesabu kwamba ile kubwa ina mizunguko michache ya waya, kelele inayonaswa huongezeka karibu mara mbili. Koili ya inchi 18 ni nzuri porini, mbali na nguzo. Hapo mlipo, hata ya inchi 8 itawafaa kuliko hiyo.

Sasa hakikisheni kwamba adui ni umeme kweli, kwa sababu udongo mwekundu wenye kokoto za chuma nao hupiga kelele, na dawa yake ni tofauti. Simameni penye shida, inueni koili mpaka usawa wa kiuno, halafu msiitikise hata kidogo. Kelele ikiendelea wakati koili imetulia hewani, ni umeme. Ikikoma hewani na kurudi tu mnapofagia karibu na ardhi, ni udongo, na hapo mnasawazisha mashine na udongo upya au kubadili chaguo la udongo (mpangilio wa mashine kwa aina ya udongo). Jaribio la pili: koili ikiwa hewani, isimamisheni wima kisha zungukeni polepole mahali pamoja. Kelele ya umeme hupanda na kushuka kufuata upande koili inakotazama. Ya udongo haifanyi hivyo.

Kabla ya kumlaumu jirani mwenye karasha, jikagueni wenyewe. Simu ya mfukoni izimwe au iwekwe kwenye hali ya ndege. Simu inayotafuta mtandao hafifu hutuma kwa nguvu kubwa zaidi, na porini mtandao ndiyo hafifu. Pawabanki, redio ya upepo, taa ya kichwani ya LED na hedifoni zisizo na waya, zote ziondoke mwilini, hasa zisikae karibu na betri ya mgongoni. Pikipiki ya petroli iliyoachwa ikiunguruma hapo jirani nayo hutema kelele za plagi, na vilevile pampu ya maji ya petroli; utazitambua kwa sababu mdundo wake unafuata mwendo wa injini. Kisha angalieni waya wa koili: uwe umezungushwa kwenye mpini na kufungwa usicheze. Zimeni mashine, fungueni kiunganishi, kisafisheni kwa spiriti na kikauke kabisa kabla ya kurudisha. Kiunganishi chenye vumbi huleta mlio unaofanana kabisa na kelele ya umeme, ila huo hutokea ukigusa waya.

Mkiwa na detekta mbili kwenye eneo moja, ziachane angalau mita 30. Ya kwanza iwashwe na iendelee kufanya kazi wakati ya pili inajitafutia chaneli, yaani mwendo wa mapigo ulio tulivu, ili hesabu yake ijumlishe kelele za mwenzake.

Tukifika kwenye chaneli tumefika kwenye kiini cha tatizo, na hapa ndipo watu wengi hubonyeza kitufe bila kujua kinafanya nini. Umeme wa gridi yetu ni hezi 50, lakini mota, mashine za kuchomelea na taa huongeza mawimbi yanayopanda kwa mafungu ya 50: 100, 150, 200 na kuendelea juu sana. Chukueni mfano wa namba nyepesi. Fungu la 24 ni 1200. Tuseme detekta inapiga mapigo 1201 kwa sekunde. Tofauti ya 1 kati ya namba hizo mbili ndiyo mnayoisikia: wimbi moja linalopanda na kushuka kila sekunde. Huo ndio mluzi wenu, na unafanana na kipande cha dhahabu kwa sababu koili ikipita juu ya kipande nayo hutoa mpando na mshuko wa muda kama huohuo. Tofauti ingekuwa 30 au 40, vichujio vya mashine vingeimeza. Auto Tune hubadilisha kidogo mwendo wa mapigo ili kutafuta mahali ambapo tofauti hiyo haiangukii kwenye masikio yenu.

Hapo mnaona pia kwa nini chaneli nzuri ya saa mbili asubuhi inaharibika saa nne. Gridi ikipanda kutoka hezi 50 hadi 50.1, fungu la 24 linakuwa 1202.4. Mabadiliko ya sehemu moja ya kumi ya hezi yamehamisha kelele kwa zaidi ya hezi 2. Jenereta ni mbaya zaidi: karasha inapopokea mawe mwendo unashuka, ikiisha unapanda, na hakuna chaneli itakayokaa. Kama jirani anatumia jenereta, msipoteze asubuhi nzima kwenye Auto Tune.

Utaratibu wenyewe ni huu. Simameni pale pale mnapotaka kufanya kazi, wakati karasha zinasaga, siyo zimezimwa. Inueni koili mbali na udongo, mbali na sururu na buti zenye chuma. Bonyezeni Auto Tune na msiisogeze koili mpaka mashine imalize, karibu dakika moja. Mkitikisa katikati, anzeni upya. Mlio wa msingi (ule wa mfululizo) ukibaki unayumba, ingieni kwenye kuchagua chaneli kwa mkono, mkae kila chaneli sekunde 10 mkisikiliza, kwa sababu wimbi la polepole halionekani kwa sekunde mbili. Andikeni namba ya chaneli tulivu kwa kila kona ya eneo. Rudieni kila saa moja, na kila mkihama mita 50 au zaidi.

Baada ya hapo ndipo mguse Rx Gain. Kuishusha peke yake hakukusaidia kwa sababu mlishusha kelele na dhahabu pamoja. Kwenye chaneli nzuri, kushusha hatua mbili tatu kunatosha. Kama mko kwenye chaguo la udongo liitwalo Sharp, tokeni. Lina nguvu lakini linavuta kelele za umeme kuliko mengine.

Koili ya DD ndiyo silaha mliyokuwa nayo bila kujua. Mkiifunga na kuweka swichi ya koili kwenye Cancel, nusu mbili za koili husikiliza kwa mwelekeo unaopingana. Kelele ya umeme inatoka mbali, inaingia nusu zote mbili sawasawa, kwa hiyo inajifuta. Kipande cha dhahabu kiko karibu na nusu moja kuliko nyingine, hivyo kinabaki. Gharama yake ni kina: mtapoteza sehemu kubwa ya uwezo wa chini, na punje ndogo za chini sana hamtazipata. Mimi ningeitumia kwenye ukanda ulio karibu na nyaya tu, kisha kurudi DD ya kawaida, na mono kwenye upande ulio kimya. Koili ya mono pamoja na Cancel haina maana.

Kuhusu chanzo chenyewe: msiitazame sana ile laini ya kilovolti 33. Sumaku inatokana na ampea, siyo volti. Mota ya kilowati 22 kwenye volti 400 hunyonya karibu ampea 40. Mzigo huohuo kwenye kilovolti 33 ni nusu ampea tu. Zaidi ya hapo, fazi tatu zenye mzigo sawa hufutana kadiri unavyokwenda mbali. Mshukiwa wa kwanza ni waya unaotoka kwenye transfoma kwenda karasha, hasa kama fazi zimetandazwa chini, kila waya njia yake. Mwombeni jirani azifunge pamoja au atumie kebo moja yenye nyaya nne ndani. Fundi wake wa umeme apite pia na klampu mita (kipimo cha ampea kinachozungushwa kwenye waya): aifunge kwenye fazi zote na nyutro kwa pamoja. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikisoma ampea 1 au zaidi, kuna umeme unaovuja ardhini, unatembea kwenye udongo chini ya koili yenu, na unaweza kuua mtu anayeshika fremu ya mota kwa mikono yenye maji. Hilo jirani atalisikiliza haraka kuliko habari za detekta.

Likishindikana yote, pangeni saa. Karasha zikizimwa kwa chakula, au umeme ukikatika, achaneni na mengine mkamate mono. Mwenye eneo kama lenu ndiye pekee anayefurahia mgao.

Kelele za ghafla zinazokatika-katika kama mafuta ya kukaangia, bila mdundo, ni radi, hata mbingu ikiwa safi juu yenu. Radi ya mbali sana husikika. Hakuna chaneli inayoiponya. Mkianza kuisikia ngurumo yenyewe kwa masikio, wekeni mashine chini muondoke eneo la wazi.

Kupima kama mpangilio mpya unafaa, tafuteni risasi ya nyavu za samaki yenye uzito wa gramu 1, ifukieni sentimita 15 kwenye udongo ambao haujavurugwa sana, mfagie juu yake kwa kila mpangilio: mono, DD, Cancel, Gain ya juu na ya chini. Ikisikika vizuri, ongezeni sentimita 5 mpaka ipotee, na namba ya kila mpangilio iandikwe kwenye daftari lilelile lenye chaneli.