Kabla hujauliza bei ya injini

Duka langu la spea liko Mwembe Tayari, Mombasa, na mzigo nauchukua pande mbili: Japani na Sharjah, kule Imarati. Injini ni zile zile. Kuzinunua ndiko kunakotofautiana, na mwanzoni nililipia ujinga wangu.

Sharjah mambo huanza na kikombe. Salamu, hali ya watu wa nyumbani, kahawa, halafu ndipo mkatazame injini. Mimi mtu wa Pwani sikuona ajabu, hata Marikiti humvamii mtu kwa bei. Kilichonishangaza ni cheki. Mzee mmoja alitoa nusu ya mzigo kwa mkopo, kwa cheki ya tarehe ya mbele ya mwenzangu anayeishi kule. Nikacheka moyoni, huku kwetu cheki ya mtu usiyemjua ni karatasi tu. Kumbe miaka ile cheki ikirudi kwa kukosa pesa, aliyeiandika aliweza kufungwa. Januari 2022 sheria ya Imarati ililegezwa, kesi nyingi za aina hiyo zikatolewa kwenye jinai. Lakini mwenye cheki sasa huipeleka mahakamani moja kwa moja ikatekelezwe kama hukumu, kwa hiyo bado ina meno.

Japani nilimwandikia muuzaji: “Tutalipa wiki ijayo.” Kwangu lilikuwa neno la adabu, kwake ilikuwa tarehe. Wiki ikapita, injini nne zikauzwa kwingine. Hakunigombeza, barua ya mistari miwili tu. Nilinuna siku mbili, kisha nikajiuliza: mimi kwake nani? Hana hakimu wa Mombasa wa kumkimbilia, wala shangazi yangu wa kunisuta. Kinga yake ni pesa kuingia kabla hajanitumia hati ya shehena, maana bila hati hiyo Kilindini sitoi kontena. Yangu ni picha na karatasi ya ukaguzi, nami husoma kila mstari kabla ya kulipa.

Vijana wanaoanza nawaambia: kabla ya bei, uliza huyu asipolipwa humkimbilia nani. Hapo utaelewa kwa nini mmoja ataka cheki, mwingine pesa mbele, na hutamwita yeyote mkorofi.

Na kama wataka mihuri ya ofisi za serikali ya Sharjah, maliza Alhamisi. Dubai Ijumaa hufanya kazi nusu siku. Sharjah wao hupumzika Ijumaa mpaka Jumapili.