Vidonge vya bakteria kwa mama anayepata kemo

Pole sana, dadangu. Umeuliza kama mama, aliye kwenye kemo (dawa kali za kuua seli za saratani), ameze vile vidonge vya bakteria wazuri wa tumbo anavyouziwa na jirani hapo Kisauni. Usimpe kabla hujamuonyesha daktari wake wa saratani kopo lenyewe. Ni kweli bakteria wa utumbo huathiri jinsi baadhi ya dawa za saratani zinavyofanya kazi, hasa zile za kuamsha kinga. Lakini kemo hushusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu, na hapo bakteria hai waweza kupenya hadi damuni. Maziwa mabivu ya mtaani nayo yana bakteria hai, basi yangoje.

Badala yake, kama haharishi, mpikie mbaazi na mchicha, viive vizuri. Homa ikifika nyuzi 38, hata usiku wa manane, mkimbize hospitali.