Nyumba ya wageni Diani: kagua matumizi ya ardhi kwanza

Ndugu, umeuliza kama nyumba ile unayotaka kununua Diani, pwani ya Kenya, utaruhusiwa kuipangisha kwa watalii wa siku chache. Kabla ya kulipa amana, fanya upekuzi rasmi wa hatimiliki katika masjala ya ardhi. Kama ardhi imekodishwa kutoka serikalini, soma mkataba wenyewe wa kukodi: humo ndimo imeandikwa ni ya makazi, biashara au kilimo, na wengi hawaufungui kabisa. Kisha ulizia ofisi ya mipango ya Kaunti ya Kwale. Matumizi yakihitaji kubadilishwa, sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inataka kibali cha kaunti. Neno la dalali si kibali. Leseni ya utalii ni kando. Kama si raia wa Kenya na ardhi ni ya kilimo, simama hapo, muone wakili.