Jibu: Buluu ya sayanotaipu inayoondoka na maji

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba unageuza picha za simu kuwa negativu (picha ambayo vyeupe huwa vyeusi na vyeusi huwa vyeupe), unazichapa kwenye plastiki inayopitisha mwanga na kuzianika juani juu ya karatasi uliyoipaka dawa ya sayanotaipu (njia ya kuchapa picha za buluu kwa mwanga wa jua), lakini ukiosha, buluu karibu yote huondoka na maji. Nilihangaika na tatizo hilo hilo msimu mzima wa mvua, na nadhani karatasi yako haikai juani vya kutosha, maana njia hii, aliyoigundua John Herschel mwaka 1842, hutegemea miale ya urujuanimno (miale ya jua isiyoonekana kwa macho) igeuze chumvi za chuma ziwe rangi isiyoyeyuka majini.

Kabla ya kuharibu karatasi nyingine, kata ukanda mwembamba, uufunike kwa kadibodi, kisha uufunue kidogo kidogo kila baada ya dakika 2 hadi kufikia 16, nawe chagua muda ambao sehemu zilizopigwa na jua zimepita buluu na kuwa kijivu kama majivu. Ukanda wote ukiwa hafifu, shuku karatasi yenyewe, kwa kuwa zenye chokaa hufifisha rangi hii. Negativu irekebishe mwishoni (wengi huanza nayo, wakapoteza wino bure).

Vaa glavu, usitumie vyombo vya jikoni, na kamwe usichanganye ferisianidi ya potasiamu, mojawapo ya kemikali za dawa hiyo, na asidi kali, kwani inaweza kutoa gesi ya sumu. Dawa ikikuingia machoni, suuza kwa maji mengi, kisha uende kituo cha afya ukiwa na chupa yake.